Maji ya Mto Mara na Haja ya Chuo cha Sayansi

Mwezi Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara, upande wa daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikatoa taarifa kwamba chanzo kikubwa kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wako wananchi walioipokea taarifa hiyo, na wako walioikataa katakata wakanyoosha kidole kwenye migodi ya dhahabu.

Hatukusudii kuufufua ubishi ule. Linalotushughulisha ni kwamba siku ile hakikuwapo mkoani Mara chuo kikuu cha sayansi ambacho mwalimu wake angeweza kufungua daftari na kusema: haya ndiyo maji tuliyoyapima mwezi uliopita, haya ya mwaka jana, na haya ya miaka kumi iliyopita. Mto huu watoka msitu wa Mau nchini Kenya, wapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ndipo uingie Ziwa Victoria. Wanywaji wake ni watu, ng'ombe na nyumbu. Mto wa namna hiyo wahitaji wenyeji wanaoupima siku ambazo hakuna msiba.

Kwa hiyo mwananchi wa Nkende akisema kwamba naye anataka chuo kikuu cha afya, sayansi za viumbe na teknolojia hapa Tarime, hasemi jambo la kuchekwa. Lakini hapana budi tuulizane kwanza chuo cha aina hiyo huanzia wapi.

Tazama Muhimbili. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Haikuanza na shahada. Ilianza kwa kufundisha waganga waliohitajika upesi, ikiegemea hospitali iliyokuwapo. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu, mwaka 1991 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki, na mwaka 2007 ndipo ikawa chuo kikuu kamili. Karibu zaidi nasi, Mwanza, hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo kikuu kishiriki cha afya kikaanza hapo mwaka 2003. Wagonjwa na madaktari walitangulia kwa miaka 32.

Kwa asili ya lugha yetu neno chuo lina maana ya kitabu, ndiyo maana mjuzi wa dini huitwa mwanachuoni. Sisi tulioanza kwa maalimu, ubao mapajani, kabla ya kuingia shule ya Serikali, tulikuwa na chuo kabla hatujawa na paa. Siku hizi watu huanza na paa. Mkoa wetu unao ushahidi wake: hospitali ya Kwangwa mjini Musoma, ambayo leo ina jina la Mwalimu Nyerere, ilianza kujengwa katika miaka ya 1970 na kuta zake zikasimama hivyo hivyo kwa miongo kadhaa zikiwangoja wagonjwa.

Butiama, ng'ambo ya daraja lile lile la Kirumi, Serikali imeanzisha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Chuo hicho kimo miongoni mwa vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu wa mwaka 2021, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425 kwa nchi nzima. Maoni yetu, ambayo huenda yasiwapendeze baadhi ya ndugu zetu, ni kwamba Tarime isidai chuo cha pili ili mradi nayo iwe nacho. Kila wilaya kutaka kibao chake ni ushindani wa koo uliovaa joho. Tarime idai Butiama ipewe maabara kamili na kitivo cha sayansi za viumbe, tena idai kituo cha utafiti cha chuo hicho kiwekwe huku mpakani, na hospitali ya Tarime ipokee wanafunzi wa mazoezi.

Na sisi tutoe nini? Tutoe wanafunzi. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, wananchi walichangishwa fedha, mawe na mchanga. Diwani aingie leo katika vyumba hivyo na aulize kama bomba linatoa maji, kama dawa za majaribio zipo, na kama mwalimu wa fizikia ni wa kudumu au wa kujitolea. Kidato cha tatu ndipo mtoto anapochagua sayansi au kuikimbia, na huikimbia kwa sababu hajawahi kushika darubini.

Msichana ana adui wa ziada. Ukeketaji wa watoto umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998, lakini wazee wa mila wameendelea kuupangia misimu yao wakati wa likizo ya Desemba. Binti anayekeketwa Desemba na kuozwa baada ya hapo hatapima maji ya mto wowote. Kiongozi anayeomba chuo kikuu hadharani, kisha akanyamaza mbele ya wazee hao kwa kuhofia kura, anaomba chuo cha watoto wa mikoa mingine.

Fedha si kisingizio. Mgodi wa North Mara hulipa ushuru wa huduma na hutenga fedha za maendeleo ya jamii. Ni kweli kwamba Nyamongo imo katika Halmashauri ya Wilaya na Nkende imo katika Halmashauri ya Mji. Basi mabaraza mawili yakae meza moja, yaajiri mafundi wa maabara, yanunue vifaa, na majibu ya vipimo vya maji ya Mto Mara yabandikwe kila mwezi kwenye mbao za matangazo za kata.