Ziwa Lipo Mlangoni, Mlimani Watu Wana Kiu

Ukitaka kujua Mwanza inaongozwa vipi, usiangalie Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha. Inua shingo utazame juu Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Zile nyumba zilizobanana katikati ya mawe kama kuku kwenye tenga, ndiyo Mwanza yenyewe.

Takwimu ni za serikali, si za wapinzani. Sensa ya 2012 ilikuta watu 706,453 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Ile ya 2022 ikakuta 1,104,521. Karibu watu 400,000 wameongezeka ndani ya miaka kumi! Hivi wakubwa walidhani watu hao watalala wapi? Upande mmoja ziwa, upande mwingine mawe. Ardhi tambarare ni kidogo, na wenye nazo waliishaikamata zamani. Mlalahoi kapanda mlima.

Sasa njoo kwenye maji. Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika, unaliona ukiwa umekaa kizingitini kwako. Lakini maji hayapandi mlima kwa hotuba. Yanataka pampu, mabomba na matangi huko juu. Tunaambiwa kuna chanzo kipya cha Butimba, lita milioni 48 kwa siku. Hongera. Ila mtu wa mlimani hahesabu mamilioni ya lita, anahesabu ndoo. Na bei ya ndoo hupanda pamoja na mlima, hadi maskini wa juu analipa kuliko tajiri mwenye bomba lake chini.

Ukilalamika unaambiwa umejenga holela. Mbona karani wa sensa alipanda ngazi hizo hizo za mawe akatuhesabu? Mbona wagombea hupanda wakati wa kura, tena bila kuhema? Kama tunahesabika kwenye sensa na kwenye kura, tuhesabike na kwenye bajeti.

Kijana mwenzangu, pale kijiweni msimamo wa ligi ya Uingereza tunao wote kichwani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tunawaachia wazee na akina mama. Safari hii twende. Tumuulize diwani swali moja tu: tangi letu litajengwa mwaka gani, kwa fedha za bajeti ipi? Akianza kuimba sifa za chama chake, mrudishe kwenye swali. Akishindwa kujibu, usigombane naye. Subiri siku ya kura.