Kijiko Kimoja Kinatosha: Meza Yetu na Ndugu Aliyepunguzwa Tumbo



Wapendwa taifa la Mungu, Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anatusimulia jinsi Bwana wetu alivyomwinua binti wa Yairo, msichana wa miaka 12. Watu wote walipokuwa wameduwaa kwa mshangao, Yeye alikumbuka jambo ambalo hata wazazi walikuwa hawajalifikiria: aliagiza mtoto apewe chakula. Mara nyingi sisi wahubiri tunaishia kwenye muujiza na kuliacha agizo hilo dogo la mwisho. Hata hivyo, ndilo linalotufundisha kwamba kupona hakukamiliki siku mgonjwa anapoinuka kitandani. Hukamilika mezani, siku baada ya siku, kwa msaada wa wale wanaomzunguka.

Wiki hii tunapenda kutafakari juu ya ndugu ambao uponyaji wao unapita mezani kuliko wa wagonjwa wengine wengi, yaani wale waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Zamani habari hizi tulizisikia kutoka ng'ambo tu. Siku hizi zimetufikia. Katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, ikiwemo ya kuweka puto tumboni. Wengine husafiri hadi Nairobi au India. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kushika uongozi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 2025, aliwafanya Watanzania wengi wazungumzie sahani zao hadi kwenye daladala. Basi si ajabu tena kumkuta katika jumuiya ndogo ndogo, huku Moshi mjini au kule Kibosho, Uru, Kilema na Rombo, mama au baba aliyerudi kutoka hospitali akiwa na tumbo lisiloweza kupokea zaidi ya vijiko vichache.

Msimamo wetu tunautamka mapema. Ndugu aliyechagua njia hiyo kwa ushauri wa daktari hajatenda dhambi, wala hajaukwepa msalaba wake. Na jumuiya inayomlazimisha kula, au inayomnong'ona kwa kutokula, inamnyima haki yake ya kupona.

Tuanze kwa kuelewa jambo lenyewe. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi duniani walifuata kipimo cha uwiano wa uzito na urefu: upasuaji ulifikiriwa kwa mwenye uwiano wa 40, au 35 ikiwa tayari ana maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa upasuaji huo vilipendekeza 35 itoshe hata bila maradhi mengine. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, uwiano wa 40 ni kama kilo 102, na wa 35 ni kama kilo 90. Hatuzungumzii, basi, mtu anayetaka kuvaa gauni la harusi la saizi ndogo. Tunazungumzia mgonjwa ambaye magoti, moyo na figo zake vimelemewa, na ambaye mara nyingi amekwisha kujaribu kufunga, kutembea na kujinyima kwa miaka mingi.

Katika aina mojawapo iliyoenea ya upasuaji huo, daktari huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo. Kinachobaki ni mrija mwembamba uliopinda, ambao wataalamu wenyewe huufananisha na ndizi. Mfano ambao sisi watu wa migombani hatuhitaji kufafanuliwa. Aina nyingine huunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na sehemu ya mbele zaidi ya utumbo. Kwa vyovyote vile, mgonjwa huamka akiwa kama mtoto mchanga mbele ya chakula. Huanza kwa kunywa maji kidogo kidogo na supu iliyochujwa. Baadaye hupewa maziwa na vinywaji vizito kiasi, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini. Huchukua takriban wiki sita hadi nane kabla ya kurudia chakula kigumu, kadiri daktari wake atakavyomwelekeza. Hutafuna kila tonge mpaka lilainike kabisa. Maji hayanywi pamoja na chakula, bali hungoja kama nusu saa. Samaki, mayai, maharage au nyama laini huja kwanza, kwa sababu mwili unahitaji protini, na nafasi ni ndogo. Vitamini na madini, kama vile B12, chuma na kalsiamu, huwa ni sehemu ya maisha yake yote, na damu hupimwa mara kwa mara.

Akila haraka, au akizidisha kijiko kimoja, huumia kifua au hutapika. Kwa baadhi yao, hasa waliounganishwa utumbo, kitu chenye sukari nyingi hushuka upesi mno: jasho hutoka, moyo huenda mbio, tumbo huharisha, nguvu huisha. Nyama ngumu ya kuchoma, wali na ugali mzito huwashinda wengi kwa miezi mingi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayesema kwamba mtu huyu amepita njia ya mkato hajawahi kuketi mbele ya nusu kikombe cha supu akaimaliza kwa nusu saa.

Sasa tutazame meza yetu. Hapa Kilimanjaro chakula ni lugha. Mzazi tunamkaribisha kwa mtori. Harusi tunaitambua kwa ndafu. Mgeni tunampa kata ya mbege kabla hajaulizwa habari za safari. Mwezi Desemba, watoto wa mlima wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, hakuna boma lisilochinja. Haya ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ukarimu una kishawishi chake, nacho ni kupima upendo kwa wingi wa kilichomo kwenye sahani. Anayesukuma sahani mbali huonekana anadharau. Mama mkwe huuliza, "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Shemeji huongeza kipande kingine kwa mzaha. Mgonjwa, kwa aibu, hula. Kisha huenda nyuma ya nyumba kutapika peke yake. Hapo ukarimu umegeuka kuwa mateso bila mtu yeyote kukusudia.

Upo pia mnong'ono. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi kitambi kilihesabiwa kuwa cheti cha mafanikio, na kukonda kwa ghafla kukahusishwa na UKIMWI, mtu aliyepungua kilo 30 kwa muda mfupi huulizwa kwa macho kabla ya kuulizwa kwa mdomo. Akinyamaza, atasemwa kwamba anaficha ugonjwa. Akieleza ukweli, atasemwa kwamba alikuwa mlafi aliyeshindwa kujizuia. Tunawaomba kwa upole, wapendwa: mwili wa jirani si ajenda ya jumuiya. Salamu itoshe.

Wapo wanaotuuliza kwa nia njema: "Je, ulafi si mmoja wa mizizi saba ya dhambi? Kwa nini mtu akatwe tumbo badala ya kutubu?" Swali hili linastahili jibu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anafundisha kwamba ulafi ni tamaa ya chakula isiyotawaliwa na akili, nao hujitokeza kwa namna tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama mno, kutaka vilivyoandaliwa kwa anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Kwa hiyo mizani ya hospitali haiwezi kuupima ulafi. Mtu mwembamba anayekasirika kwa sababu chumvi imepungua anaweza kuwa mlafi kuliko mama mnene anayekula viporo vya watoto wake ili visitupwe. Unene uliopindukia ni ugonjwa sugu, na visababishi vyake ni vingi: urithi wa mwili, homoni, aina ya kazi, umaskini, dawa, majonzi, na biashara ya vyakula vya viwandani. Anayeuita wote ulafi anamshitaki mgonjwa kwa ugonjwa wake, kama walivyofanya rafiki zake Ayubu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2288, inatuwekea mizani iliyo sawa. Uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Mara inayofuata inakemea ibada ya mwili, ile ya kutoa kila kitu sadaka kwa ajili ya umbo na sifa. Kisha inaitaja fadhila ya kiasi, inayotuepusha na kila aina ya kupindukia. Anayekwenda kwenye kisu ili aishi na kulea watoto wake yuko ndani ya mafundisho hayo. Anayetafuta sifa tu, au anayenunua dawa za kukondesha zisizojulikana zilikotoka, ajiulize tena.

Kuhusu ibada, tunaona vema kuwatuliza wengi wenye wasiwasi. Kabla ya upasuaji mkubwa, inafaa mgonjwa aombe Mpako wa Wagonjwa. Asingoje mpaka hali iwe mbaya. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauvunjwi na maji wala dawa, na wagonjwa pamoja na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo (Kanuni 919). Sheria ya kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, lakini hailengi kumdhuru mgonjwa. Anayepaswa kula kidogo mara tano au sita kwa siku asijione amelivunja Pendo la Mungu. Atafute toba nyingine, kwa mfano ya ulimi. Na anayeogopa kumeza Hostia katika siku za mwanzo amwone padre: katika kipande kidogo kabisa Kristo yumo mzima, na penye ulazima inaruhusiwa kupokea kwa umbo la divai peke yake (Kanuni 925).

Tunalo neno zito zaidi kuhusu kata. Baada ya upasuaji wa aina hii pombe huingia katika damu upesi na kwa nguvu zaidi, na imeonekana kwamba baadhi ya watu, hasa baada ya ule wa kuunganisha utumbo, huanza kuitegemea pombe kwa namna ambayo hawakuwa nayo awali. Faraja waliyoizoea katika chakula imeondoka, nayo chupa iko karibu. Hapa hatuna nafasi ya mzaha. Ndugu akisema kwamba hanywi mbege, wala bia, wala konyagi, asiulizwe mara ya pili. Maji yawekwe mezani kwa heshima ile ile, wala asiitwe asiyejua mila. Vivyo hivyo akina mama wasihimizwe kubeba mimba upesi kwa kuwa sasa wamepungua. Madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18.

Kanisa halikosi hekima katika mambo haya. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliagiza mezani pawe na aina mbili za chakula kilichopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine. Na wagonjwa aliwaruhusu nyama ambayo wazima waliinyima miili yao. Hakudhani kwamba umoja wa watawa ungevunjika kwa sababu vipimo vyao havilingani.

Tunapendekeza basi mambo machache. Katika sherehe za jumuiya na parokia, kila mtu ajipakulie mwenyewe, na pawepo sahani ndogo. Kwenye harambee, makreti ya soda yapungue, matunda na maji yaongezeke. Kwani upasuaji huu ni ghali na wachache wataumudu, lakini kinga tunaiweza sote. WAWATA wanapomtembelea aliyetoka hospitali, wamwulize kwanza daktari ameruhusu nini. Kama ni mtori, uwe mwepesi na usagwe vizuri, na kikombe kidogo kinatosha. Akitapika bila kukoma, au akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au moyo kwenda mbio katika wiki za mwanzo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiombewe tu. Na badala ya sufuria kubwa, tumpelekee muda wetu: atakuwa na hamu ya mtu wa kutembea naye asubuhi kuliko mtu wa kumpakulia. Wengine wao wanaomboleza kimya kimya, kwa maana chakula kilikuwa rafiki, na rafiki huyo ameondoka. Wengine uzito hurudi baada ya miaka, nao huona aibu kuonekana kanisani. Wote hao ni wetu.

Bwana aliyekumbuka njaa ya binti wa Yairo awakumbuke ndugu zetu hawa katika kila kijiko. Atujalie sisi tuliobaki mezani macho ya kuona shukrani hata katika sahani iliyoachwa nusu, na ulimi unaojua kunyamaza. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.