-ji- si "Mwenyewe"

Ndugu walimu, imezuka desturi katika madarasa yetu ya Kiingereza hapa Kismayu ambayo sitaki kuinyamazia. Mwalimu huandika ubaoni "myself", akachora mstari, kisha akaandika "mimi mwenyewe". Wanafunzi hunakili. Kuanzia siku hiyo Kiingereza chao hupinda, na Kiswahili chao nacho huumia.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi, alitunga habari ya chombo kilichozama. Alitaka kusema kwamba nahodha alijiokoa akawaacha mabaharia. Akaandika: "Nahodha alimwokoa yeye mwenyewe." Nikamwuliza, aliyeokolewa ni nani? Akajibu, nahodha. Lakini sentensi yake yasema kuwa nahodha alimwokoa mtu mwingine! Mwoga amegeuzwa shujaa kwa kosa la sarufi. Nyumbani kwao, katika Kibajuni cha nyanya yake, mtoto huyu hawezi kuteleza namna hiyo. Kosa limetoka ubaoni.

Kiingereza hulipa neno hilo moja kazi mbili. "I cut myself" ni tendo linalomrudia mtendaji: nilijikata. "I cut the rope myself" ni mkazo tu: niliikata kamba mwenyewe. Kiswahili kimezitenga kazi hizo. Kiambishi -ji- hukaa ndani ya kitenzi, mahali pa mtendwa, wala hakibadiliki kwa nafsi yoyote: nilijikata, ulijikata, walijikata. Neno la mkazo huachwa nje. Na watu wakitendeana, kitenzi kina -na yake: walikatana. Hapa kwetu pana jambo jingine ambalo wenzetu wa Mombasa hawalazimiki kulifikiri sana. Wanafunzi wetu wengi ni wasemaji wa Kisomali, na katika Kisomali kijineno "is" huweza kubeba kujiona na kuonana pia. Basi mtoto huingia darasani na lugha tatu zilizoweka mipaka yake mahali patatu mbalimbali, nasi twampa mstari mmoja wa chaki.

Naambiwa kwamba wanaoanza wapewe kilicho rahisi. Rahisi gani? Mkaribishe mgeni kwenye sinia ya wali umwambie "jisaidie", kwa kuwa Waingereza husema "help yourself", uone kama atanyoosha mkono au atauliza choo kiko wapi. Au mfasirie Mwingereza neno kwa neno kwamba mama fulani amejifungua. Atadhani alikuwa amefungwa kamba.

Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 4 Machi 2024. Haja ya Kiswahili cha vitabu itaongezeka, na wako watakaokuja kutufundisha lugha hii kwa miwani ya Kiingereza. Mtoto wa Koyama au Chovai, aliyezaliwa ndani ya lugha, ataambiwa kuwa asemavyo mama yake ni makosa, na sisi wenye stashahada zetu ndio tutakaotia alama nyekundu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko sentensi ya nahodha.

Mimi nimeufuta ule mstari. Siku hizi huwaambia wanafunzi waliondoe neno "myself" katika sentensi, kisha wasome kilichobaki. "I cut the rope" bado imesimama. Hapo tia mwenyewe. "I cut" inaning'inia, msikilizaji auliza, ulikata nini? Hapo tia -ji-. Darasa zima huchukua kama dakika kumi.