Pasi ya Nywele na Baridi ya Minnesota

Wakati wa baridi mitambo ya joto hukausha hewa ya nyumba zetu, na nywele za mabinti zinazonyooshwa kila wiki hukatika upesi. Sisi tuliozoea kitana kilichopashwa makaani tusiidharau pasi ya umeme: nyingi hufika nyuzi 450 za Farenhaiti, ilhali maji huchemka kwa 212. Unywele wenye maji ukibanwa humo, maji hugeuka mvuke na kuupasua kwa ndani. Nao hauponi, kwani hauna uhai. Basi zikauke kabisa, zipakwe dawa ya kukinga joto, na pasi isizidi 350. Kwa Idi, zioshwe usiku, si alfajiri watu wakingoja garini.