Gari la turbo la zamani kutoka Japani kwa kazi ya kila siku: AVEC itoe mkopo?

Kwa miezi sasa, siku ya Mungu, katika viwanja vya makanisa yetu ya Butembo, Beni na Bunia, tunaona magari ambayo zamani tuliyajua kwa picha za mashindano tu: Subaru Impreza WRX, Forester yenye turbo, Toyota Chaser, na mara moja hata Lancer Evolution. Vijana hulizunguka, hufungua boneti, huomba mwenye gari awashe injini. Tuseme ukweli, wazee nao hukawia kwenda nyumbani.

Habari hii ilitufikia kwa njia nyingine pia. Kikundi kimoja cha AVEC, chenye kina mama wengi, kiliombwa mkopo na ndugu kijana, mwalimu. Alikuwa amekwisha kuweka akiba, akauza na kiwanja kidogo, na ilibaki sehemu ya mwisho ili anunue Impreza ya mwaka 1999. Hakutaka gari la maonyesho. Alitaka kwenda nalo kazini kila siku, na jioni abebe watu kidogo ili kurudisha mkopo. Kamati iligawanyika. Wengine walisema kijana ana bidii na hajawahi kuchelewesha deni. Wengine walisema gari lenye miaka zaidi ya 25 si dhamana. Walituomba maoni, nasi tukaona makanisa mengine yana swali lilelile.

Kwanza tuelewe kwa nini magari haya yanatufikia. Huko Japani gari dogo jipya hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni wa bei kali. Tena gari la esanse likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka huongezwa kwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo Mjapani hupeleka mnadani gari ambalo bado linatembea vizuri, kwa sababu kulitunza kunamgharimu kuliko thamani yake. Ndiyo maana tunashangaa kuona gari la zamani lenye rangi safi na viti visivyochanika. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ilipokea mengi kuliko bara lingine.

Lakini si kila mlango uko wazi. Kenya haiingizi gari lililopita miaka 8. Uganda, tangu 2018, inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Sasa hapa wasomaji wafanye hesabu pamoja nasi. Impreza ya 1999 inayouzwa leo Kampala kwa plake za Uganda haikushuka kwenye meli mwaka huu. Iliingia zamani, na imekwisha kupita mikononi mwa watu wawili, watatu, wanne. Muuzaji anayesema "imetoka Japani sasa hivi" aonyeshe karatasi. Ikiwa gari linapita tu kuja kwetu, karatasi za safari zipo. Kama hazipo, unanunua gari la Kampala kwa bei ya gari la Japani.

Kuna na jambo la Wamarekani. Sheria yao inaruhusu gari la kigeni kuingia bila masharti yao ya usalama likifikisha miaka 25. Kila mwaka, basi, magari mengine maarufu hufunguliwa mlango: Nissan Skyline GT-R R34, iliyoanza kutengenezwa 1999, ilianza kufikia umri huo mwaka 2024. Matajiri wa huko hununua yale mazuri, yenye gia ya mkono na historia safi, na bei hupanda. Yanayobaki kwa bei ya kwetu mara nyingi ni yaliyochoka, au yaliyogongwa na kunyoshwa. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani gari lililogongwa na kutengenezwa huandikwa herufi R au RA mahali pa alama. Lile lisilogongwa lina tarakimu, kama 3.5 au 4. Omba karatasi hiyo, ulinganishe namba ya shasi na kilomita. Asiyetaka kuionyesha amekwisha kukujibu.

Tuje kwenye injini, maana hapo ndipo kijana wetu alipoangalia kidogo. Magari haya ni ya wakati wa pekee. Kati ya 1989 na 2004 viwanda vya Japani vilipatana visitangaze nguvu kupita farasi 280. Vikashindana kufikia namba hiyo kwa injini ndogo za lita 2 au 2.5 zenye turbo. Kule Safari Rally ya Kenya tuliziona zikitawala: Toyota Celica ilishinda 1993, 1994 na 1995, na Subaru ya Colin McRae ikashinda 1997. Nani kati ya wenye umri wetu hakuweka picha ile ukutani? Lakini gari la mashindano lilifuatwa na mafundi, mipira na mafuta yake. Lile la barabarani nalo lilifuatwa na kitu: esanse ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani karibu na 100.

Sisi tunanunua wapi? Kwa Kadhafi, kando ya barabara, katika chupa na bidoni. Hatuwadharau, maana bila wao miji yetu ingesimama. Lakini hakuna anayejua bidoni ile imechanganywa na nini, na petroli ya taa ni ya bei ndogo. Injini ya kawaida itakohoa na kuendelea. Injini ya turbo inakandamiza hewa kwa nguvu, na esanse dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake. Fundi husikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Mwenye gari, akiwa amefunga vioo na kupiga muziki, hasikii. Katika injini ya Subaru ya EJ20 pistoni huvunjika pale zinapokaa segi, na siku hiyo gari ni mwili bila roho.

Kwa haki tuseme na uzuri wake. Butembo iko juu sana, na huko hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1.000 za kupanda. Yenye turbo hupoteza kidogo zaidi ya hakuna kitu. Anayepanda vilima vyetu kwa Impreza anahisi tofauti kweli, si majivuno tu.

Basi hesabu ya kila siku. Mafuta ya injini ya turbo yabadilishwe kila kilomita 5.000, na kwa vumbi letu hata kabla, kwa mafuta halisi, si yale yaliyomiminwa katika chupa yenye jina zuri. Mkanda ambao mafundi wetu wanauita distribisioni hubadilishwa kila kilomita 100.000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haukubadilishwa, na uweke gharama hiyo ndani ya bei ya kununua.

Mipira ndiyo inayotushtua kuliko yote, kwa kuwa karibu hakuna anayeieleza. Subaru hizi na Lancer Evolution huvuta kwa magurudumu yote 4 wakati wote. Mipira yote 4 inapaswa kuwa ya kipimo kimoja na uchakavu mmoja. Sisi tumezoea kununua mpira mmoja mmoja, kadiri feza inavyopatikana, mpya mbele na wa zamani nyuma. Katika Corolla hakuna shida kubwa. Katika Impreza magurudumu yanazunguka kwa mwendo usiolingana, na ile sehemu ya katikati inayogawa nguvu hupata moto mpaka inaungua. Tumeona kijana mmoja akilipa piese hiyo mara mbili kwa mwaka mmoja, na fundi wake akimlaumu Mjapani.

Urefu kutoka chini nao si mkubwa: Impreza ina kama sentimeta 15, Forester kama 20. Yeyote anayejua barabara ya Kasindi wakati wa mvua hahitaji maelezo. Na kasi yenyewe tutaitumia wapi? Kati ya Beni na Komanda magari yamekuwa yakienda kwa msafara wenye ulinzi, kwa sababu ya mashambulizi. Ndani ya msafara farasi 280 huenda mwendo wa lori lililo mbele.

Jambo la usalama lina pande tatu, na hili twalisema kwa nguvu, kwani katika magari hayo hukaa watoto. Kongo tunaendesha upande wa kuume, na gari la Japani lina usukani upande wa kuume. Dereva anakaa karibu na mtaro. Akitaka kupita lori haoni barabara mpaka gari zima limeingia katikati, isipokuwa abiria wa kushoto amwambie "pita". Kwa gari la polepole hiyo ni hatari. Kwa gari linaloruka ukikanyaga kidogo, hatari huongezeka, sababu dereva anaamini nguvu itamwokoa. Tena taa za Japani zimetengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto: zikiwa chini, mwanga wake huinuka kidogo upande wa kushoto, yaani kwetu machoni mwa anayekuja. Taa hubadilishwa, lakini ni wachache wanaofanya.

Upande wa tatu ni mifuko ya hewa. Kampuni ya Takata ilitengeneza mifuko iliyowekwa na Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na wengine, hasa katika magari ya tangu mwaka 2000 hivi. Dawa ya kulipua mfuko huharibika kwa joto, unyevu na umri, na inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa, mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, na Takata ikafilisika 2017. Gari lililoondoka Japani kabla ya kutengenezwa linatembea na mfuko uleule. Viwanda vina kurasa katika intaneti ambapo unaandika namba ya shasi na kujibiwa. Kazi ya dakika chache, kabla ya kutuma hata dola moja.

Tuliwajibu nini kina mama wa AVEC? Tulisema gari hili si baya, na kijana si mpumbavu. Bei aliyoileta ilikuwa bei ya kununua peke yake. Haikuwa na duane, mkanda, mipira 4 ya pamoja, taa, wala feza ya kukaa kando kwa siku ya kuvunjika. Sisi tungesema asiye na akiba nyingine karibu sawa na nusu ya bei asilinunue kwa kazi ya kila siku, na anayetaka kulipia mkopo kwa kubeba watu asilinunue kabisa. Esanse peke yake itakula nauli. Impreza au Forester isiyo na turbo ina umbo lilelile, inakunywa esanse ya kawaida, na fundi yeyote wa Butembo anaifahamu. Haina ule mlio, ndiyo. Na kuhusu umri unaoruhusiwa kuingia kwetu, wakala wa duane aulizwe kwa maandishi kabla ya malipo, maana gari lililozuiwa mpakani hulipiwa kila siku linapolala.

Kamati haikukataa mkopo. Iliomba karatasi ya mnada, namba ya shasi na makisio ya fundi asiyechaguliwa na muuzaji. Muuzaji alituma namba ya shasi siku ileile. Karatasi ya mnada alisema itafuata. Hii ni wiki ya tatu, na kijana bado anapanda pikipiki kwenda shuleni, akiuliza kila jioni kama imefika.