Kabla Kikosi Kingine Hakijaondoka

Jioni ya Desemba 7, 2017, waasi wanaoaminika kuwa wa kundi la ADF waliivamia kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Machi 2018 Umoja wa Mataifa ulitangaza matokeo ya uchunguzi wake: hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea askari wale msaada wala wa kuwatoa. Mafunzo yalikuwa na mapengo, amri na uongozi ulilegalega, ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia havikutosha.

Hizo ni kasoro za ofisini, na msituni ndiko zinakoua. Askari wa msituni hushinda amelowa. Buti halikauki, ngozi ya nyayo hulainika, hubabuka, kisha huoza, na asiyeweza kukanyaga hubebwa na wenzake wanne ambao kwa muda huo hawawezi kupigana. Mchubuko hutunga usaha. Malaria haingoji zamu iishe. Adui haonekani mpaka awe karibu, na barabara ya kutokea, ikiwapo, ni moja, imejaa matope, naye anaijua vizuri.

Wazee wetu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, waliyapitia haya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga katika bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua za monsuni, na barabara zilipomezwa na tope, ndege zilidondosha chakula na risasi. Miaka 73 baadaye, Waafrika Mashariki wanakufa msituni na wachunguzi wanaorodhesha upungufu wa ndege!

Askari wa Semuliki walitimiza kiapo chao. Hatuna la kuwahubiria kuhusu wajibu. Wanaodaiwa ni waliotia saini ya kuwapeleka, New York na hapa nyumbani.

Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi iitishe majibu ya maandishi kabla kikosi kingine hakijapanda ndege. Helikopta za kubeba majeruhi ni za nani, na zinaruka usiku? Chumba cha upasuaji kiko umbali gani? Kambi ikizingirwa, msaada utatoka wapi, kwa njia ipi, kwa amri ya nani? Majibu yasipopatikana, kikosi kisiondoke.