Faili ya CD4 Isitupwe

Wengi hudhani mashine ya leza inayohesabu seli za CD4 "huziona" na kutoa jibu. La hasha! Damu huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, ambazo hushikamana na seli. Kisha seli hupita moja moja mbele ya mwale wa leza, na mashine hupima mwanga tu. Kila seli huwa nukta kwenye skrini ya tarakilishi, halafu mtaalamu au programu huchora mpaka: hizi ni CD4, zile sizo.

Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima mwenye VVU akiwa chini ya seli 200 kwa mikrolita, ugonjwa umefikia hatua kali. Usogeze mpaka kidogo tu, na 205 yaweza kuwa 195.

Kwa hivyo maabara zisiweke karatasi ya majibu pekee. Ziweke faili yenyewe. Muundo wa FCS upo tangu 1984, uko wazi, na programu huria kama flowCore huusoma. Faili ikiwepo, mwingine ataweza kuchora mpaka upya na kulinganisha. Karatasi haikaguliki hivyo.